Nimefunga mwenyewe breki ya nyuma na raba mpya kwenye baiskeli ya resi, mkono unaenda hadi kwenye usukani na bado inalia. Nimekosea wapi?

#1 Mzigua wa Segerea
Wakuu habari. Nina baiskeli ya resi ya mtumba, fremu ya aluminiamu, rimu 700, tairi za 25, nimeichukua mwezi wa tatu. Breki ya nyuma ilikuwa imechoka, springi imelegea na raba zimeisha mpaka chuma kikawa kinakwangua rimu. Nikatafuta kalipa nyingine kamili (ile mikono miwili ya chuma inayobana raba kwenye rimu), nikanunua raba mpya, waya mpya na koti la waya (lile ganda ambalo waya unapita ndani yake), jumapili nikakaa chini ya mwembe nikafunga mwenyewe maana fundi wa mtaani kwetu ni mzuri lakini kazoea Phoenix, hizi za resi anazifunga kwa kukisia.

Sasa shida ziko tatu. Nikibana mkono wa breki unaenda karibu uguse usukani ndo breki inaanza kushika. Ikishika inalia mpaka watu wanageuka. Na raba ya kushoto inagusa rimu muda wote hata nisipobana. Ya mbele haina shida. Jumamosi tunatoka na wenzangu kwenda Bagamoyo na kurudi, sitaki kwenda na breki moja. Nimekosea wapi?

#2 Kibajaji
Rudi kwa fundi mkuu. Hela ya fundi ni ndogo kuliko hela ya kufungwa POP hospitali ukivunjika.

#3 Spoku 36
#2 si kila kitu fundi, mwache ajifunze. Mkuu anza na hiyo ya tatu ndo nyepesi. Raba ya kushoto inagusa kwa sababu kalipa imekaa upande. Legeza nati ya nyuma nusu mzunguko, ishike kalipa yote kwa mkono mmoja uiweke katikati, halafu kaza huku umeishikilia. Kuna pia kaskrubu kadogo juu ya mkono mmoja wa kalipa, ukikazungusha kidogo raba zinahama kushoto au kulia. Dakika tano umemaliza.

Mkono kwenda mbali ni waya umelegea tu. Vuta waya, kaza, kwisha.

#4 Mama Naivasha
Niko Nakuru, mimi huendesha na wenzangu kila wikendi. #3 ameruka hatua. Kabla hujagusa kalipa hakikisha gurudumu lenyewe limekaa sawa kwenye fremu. Simamisha baiskeli chini kwa magurudumu yake, siyo kichwa chini, fungua mkono wa ekseli, sukuma gurudumu liingie mpaka mwisho pande zote mbili, funga tena. Watu wengi wanahangaika kuweka breki katikati kumbe gurudumu ndilo limekaa upande, siku ukitoa gurudumu kuziba pancha ukirudisha breki inagusa upya na unaanza kulaumu kalipa.

Kisha zungusha gurudumu uangalie kama rimu imepinda. Ikiwa inaenda kushoto na kulia hakuna breki itakayokaa katikati, hapo ni kunyoosha spoku kwanza.

#5 Mzigua wa Segerea
Asante #4. Gurudumu nimetoa nikarudisha, limekaa sawa. Rimu inacheza kidogo sana, kama milimita moja. Kushoto bado inagusa ila siyo muda wote sasa, inagusa sehemu moja tu ya mzunguko. Mkono bado unaenda mbali.

#6 Fundi Ngozi
Mkuu hilo koti la waya ulilonunua lina unene gani? Na ukiangalia pale lilipokatwa unaona nini, chuma kimeviringwa kama springi au kuna vijiwaya vingi vimenyooka kwa urefu?

Nauliza kwa sababu koti la breki ndani yake ni bapa la chuma lililoviringwa, na la kawaida ni milimita 5. Koti la gia vijiwaya vyake vimenyooka na kwa kawaida ni milimita 4. Madukani wanauza yote mawili kwenye ndoo moja na ukiuliza unaambiwa koti ni koti. Nahisi hapo ndo penye ulaini wako, yaani huko mkono kwenda mbali.

#7 Mzigua wa Segerea
Duh. Nimeenda kukata kipande nilichobakiza. Vijiwaya vimenyooka. Muuzaji aliniambia yako sawa tu.

#8 Spoku 36
Basi jibu hilo hapo. Uzi ufungwe.

#9 Injinia wa Ubungo
Usifungwe, maana #6 yuko sahihi kwenye hatari ila amekosea kwenye sababu, na hii ni breki, tuelezane vizuri.

Koti la gia halileti ulaini. Kinyume chake, vile vijiwaya vilivyonyooka havijikunji kwa urefu ndo maana gia zinahitaji hilo koti, gia inataka waya usogee kwa kipimo kilekile kila ukibonyeza. Ukiliweka kwenye breki utasikia mkono mgumu mzuri kabisa, na hapo ndo panadanganya. Tatizo ni kwamba kinachoshikilia vile vijiwaya visitawanyike ni plastiki tu. Siku umebana kwa nguvu zote kwa sababu daladala imekukatia mbele, koti linapasuka, vijiwaya vinafunguka, waya unalegea ghafla na huna breki. Litavumilia breki za kawaida miezi hata sita, likufanyie hivyo siku ile moja. Bapa lililoviringwa haliwezi kupasuka hivyo.

Kwa hiyo libadilishe leo, lakini ulaini wako umetoka kwingine.

#10 Fundi Ngozi
#9 nimekubali hapo kwenye ulaini, umenifundisha. Lakini inategemea amelikataje. Kama amelikata kwa koleo la kawaida ncha inakuwa imebanwa na imekaa mshazari, na kama hakuweka vile vikofia vya mwishoni, kila ukibana ncha inajisogeza kutafuta pa kukaa, unapoteza mwendo wote wa mkono hapo. Mzigua ulikata na nini?

#11 Mzigua wa Segerea
Koleo la umeme. Vikofia niliweka upande wa kwenye mkono, huku kwenye fremu sikuweka vilikuwa haviingii.

#12 Babu Foniks
Vijana mnateseka. Mimi nina Phoenix tangu 1987, breki zake ni fito za chuma tupu kutoka kwenye usukani mpaka kwenye raba, hakuna waya, hakuna koti, hakuna kofia. Raba inavutwa juu inabana rimu kwa ndani. Nimebeba magunia ya mkaa nayo, nimebeba wake za watu kuwapeleka kliniki, breki ipo.

#13 Kibajaji
Shikamoo mzee. Lakini mvua ikinyesha na ile rimu ya chuma, tuambie ukweli, ulikuwa unasimama na breki au na kandambili?

#14 Babu Foniks
Marahaba. Mvua ikinyesha unaanza kubana mapema, kuanzia kwa jirani. Na kandambili ipo kama akiba, siyo aibu.

#15 Mama Naivasha
Mzee ana hoja ila sababu ni rimu. Rimu za chuma zenye kuchovywa kromu zikilowa raba inateleza, ndiyo maana baiskeli za kisasa zikahamia aluminiamu, hiyo hata ikilowa raba inaikamata baada ya kuifuta maji mzunguko mmoja hivi. Na raba zinatofautiana, kuna za aluminiamu na kuna za rimu za kaboni, usichanganye. Ya kaboni imetengenezwa kwa ajili ya joto lingine kabisa.

#16 Mteremko
Naomba niongeze kitu ambacho hakuna aliyekigusa na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote.

Mzigua hizo raba zako ni kipande kimoja na chuma chake, au ni zile ambazo raba inachomolewa kwenye kikalio chake cha chuma ukabaki na kikalio? Kama ni za kuchomoa, kikalio kina upande mmoja ulioziba na upande mmoja ulio wazi ambako raba inaingilia. Upande ulioziba LAZIMA utazame mbele ya baiskeli. Ulio wazi utazame nyuma.

Mwaka jana natoka Kisarawe nashuka kuja Pugu, nilikuwa nimefunga raba mwenyewe usiku uliopita nikabadilisha kushoto na kulia bila kujua, na kale kaskrubu kadogo kanakozuia raba sikukakaza kwa sababu nilikapoteza kwenye mchanga. Nikabana breki ya nyuma kwenye kona, nikasikia kitu kinaruka, raba imetoka kama mbegu ya embe, kikalio cha chuma kikaanza kula rimu. Nilikuwa na ya mbele, nikapunguza taratibu nikaingia kwenye majani. Sikuumia lakini mikono ilitetemeka mpaka nyumbani. Nikarudi kesho yake kutafuta ile raba na sikuiona.

#17 Spoku 36
Pole sana #16. Lakini mimi naona umegeuza. Gurudumu linazunguka na baiskeli inaenda mbele, kwa hiyo barabara inasukuma kila kitu kurudi nyuma, raba itasukumwa nyuma, basi upande ulioziba uwe nyuma ndo uizuie. Hata mimi nimefunga hivyo siku zote.

#18 Injinia wa Ubungo
#17 nenda kafungue leo leo, nakuomba.

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kama baiskeli inavyoenda mbele, weka kidole pale breki ilipo, yaani juu. Kidole kinavutwa kwenda wapi? Mbele. Chini kwenye lami ndo linarudi nyuma lakini breki haiko kwenye lami. Breki iko juu, ya mbele na ya nyuma pia, kwa hiyo rimu inaivuta raba kwenda mbele na unataka ukuta wa mbele. Vikalio vingi vimeandikwa L na R na vina mshale, fuata mshale.

#19 Spoku 36
Nimeenda na kidole. Kweli. Sasa hivi nafungua zote nne. Asante sana mkuu, kaskrubu ndo kalinisaidia miaka yote hii.

#20 Mzigua wa Segerea
Wakuu na mimi nimeenda kuangalia. L iko kulia na R iko kushoto. #16 umeniokoa.

#21 Kasi ya Kwetu
Hapa kila mtu anazungumzia raba na waya wakati hatujui kama kalipa yenyewe imeshikwa vizuri kwenye fremu. Umesema umenunua kalipa "kamili". Ilikuwa ya mbele au ya nyuma? Zinafanana kwa macho lakini bolti ya mbele ni ndefu kwa sababu inapita kwenye uma mnene, ya nyuma ni fupi kwa sababu inapita kwenye kale kadaraja kadogo kati ya vyuma viwili vya nyuma.

Ukifunga ya mbele nyuma, bolti ndefu inaweza kufika mwisho wa ile nati ya ndani kabla haijabana fremu, unakaza mpaka spana inalia unajua imekaza kumbe imejikaza yenyewe kwenye nati. Kalipa inabaki inageuka kidogo kidogo kila ukibana, ndo raba moja inagusa. Kwangu mimi hiyo ndo sababu ya tatizo lako la tatu na siyo rimu.

Na ikiwa kinyume chake ni mbaya zaidi, bolti fupi mno inashika hesi mbili tatu. Hesabu: fungua nati kabisa halafu irudishe kwa vidole, kila mzunguko ni milimita moja ya hesi, unataka angalau mizunguko sita kamili kabla haijabana. Chini ya hapo usiende popote.

#22 Mzigua wa Segerea
Nimehesabu. Minne.

#23 Mama Naivasha
Minne hapana. Tafuta nati ndefu zaidi, hizo nati za ndani zinakuja kwa urefu tofauti, za kama milimita 10 mpaka zaidi ya 30. Uliza mafundi wanaofungua baiskeli kuukuu, huwa wanazo kwenye kopo. Usiweke nati ya kawaida ya nje kwenye tundu lililotengenezwa kwa nati ya ndani, itazama upande.

#24 Kasi ya Kwetu
Nashukuru dada. Na ukikaza, mtengenezaji wa kalipa nyingi za aina hiyo anasema bolti kuu Nm 8 hadi 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), bolti ya raba Nm 5 hadi 7, bolti inayobana waya Nm 6 hadi 8. Kama huna spana ya kupimia, eleni kii fupi ishike kwa vidole viwili na nguvu ya kifundo cha mkono, siyo ya bega. Watu wanakata hesi za aluminiamu kwa kutumia bega.

#25 Kibajaji
Nimeanza uzi huu nikisema apeleke kwa fundi na sasa nafuatilia kama tamthilia. Jamani swali, kwa nini breki ya nyuma hata ikiwa nzuri haisimamishi kama ya mbele? Yangu ya nyuma nikibana sana tairi linateleza tu na baiskeli inaendelea.

#26 Injinia wa Ubungo
Ukibana breki uzito wako unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, lenye uzito mdogo halishiki lami, linafunga na kuteleza. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndo inafanya kazi kubwa. Ya nyuma ni ya kupunguza mwendo, ya kwenye mchanga na maji ambako hutaki la mbele liteleze, na ya siku ambayo ya mbele imekufa. Kwa hiyo Mzigua asitegemee ya nyuma iwe kama ya mbele hata tukimaliza hapa.

#27 Babu Foniks
Sikubaliani. Ya mbele inakurusha. Nimeona watu wawili wamepita juu ya usukani mbele ya soko. Breki ya mwanaume ni ya nyuma.

#28 Dereva wa Kona
Mzee wangu kwa heshima, wale waliorushwa walibana ya mbele peke yake, ghafla, mikono imelegea na mwili umeinuka. Ukirudisha makalio nyuma na ukabana taratibu ukiongeza huwezi kurushwa kirahisi. Mlima wa Lushoto kushuka Mombo huwezi kuushuka kwa ya nyuma peke yake, rimu inachemka. Na ikichemka sana tyubu inaweza kupasuka. Tunabana kwa vipindi, mbele nyuma mbele nyuma, rimu zipumue.

Halafu swali kwa Mzigua, mkono wako wa kulia unavuta breki ipi? Huku kwetu tumezoea kulia ni mbele. Baiskeli zilizotoka Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya kulia ni nyuma. Nimeona mtu amekopa baiskeli ya mwenzake akabana kulia akijua ni mbele.

#29 Mzigua wa Segerea
Kulia ni nyuma. Nimezoea hivyo tangu niinunue, lakini sikuwahi kuwaza kumwambia mtu ninayemkopesha. Nitawaambia.

#30 Pembe za Ng'ombe
Mimi nina wazo tofauti kabisa na wote. Mkono wenyewe wa breki ni wa aina gani? Usukani wako bado ni wa pembe au umebadilishwa ukawekwa mnyoofu? Kwa sababu mikono haivuti waya sawa. Mikono ya baiskeli za milimani zenye breki ndefu za kusimama wima inavuta waya mwingi karibu mara mbili, ukiiunganisha na kalipa ya resi unapata mkono mgumu kama jiwe na breki isiyoshika. Hata kwenye resi kwa resi, mikono ya zamani na kalipa mpya haviendani sawasawa, mkono unakuwa laini na unakwenda mbali sana. Mimi naamini Mzigua ana mkono wa zamani na kalipa mpya, na anaweza akabadilisha koti mara tatu isibadilike kitu.

#31 Fundi Ngozi
#30 hilo lipo, lakini ya mbele ina mkono wa zamani uleule na haina shida.

#32 Pembe za Ng'ombe
Ya mbele ina kalipa ya zamani pia. Ya nyuma ndo mpya. Unaona sasa.

#33 Mzigua wa Segerea
Usukani wa pembe, mikono ni ya asili. Kalipa ya nyuma ni mpya kuliko ya mbele, kweli.

#34 Mteremko
Kabla hamjambadilishia mikono, raba zimekaa wapi kwenye rimu? Ikipanda juu inagusa tairi, na raba inayogusa tairi inakata ukuta wake kimyakimya mpaka siku unapasuka. Ikishuka chini sana inaacha nusu ya raba nje, inaisha na kutengeneza mdomo, mdomo ule unanasa chini ya rimu na siku moja raba inapita chini inaingia kwenye spoku. Acha kama milimita moja kutoka ukingo wa juu wa rimu, na raba ifuate mviringo wa rimu.

Na kama baiskeli ni ya zamani iliyokuwa na magurudumu ya inchi 27 halafu mtu akaweka 700, rimu imeshuka milimita 4 kila upande. Hapo kalipa fupi inaweza isifike kabisa hata ukishusha raba mpaka mwisho wa mfereji wa kalipa inapofungwa raba.

#35 Mzigua wa Segerea
Inafika, iko katikati ya mfereji.

MREJESHO. Jana jioni nimepata koti la breki la milimita 5, fundi mmoja kanikatia kwa koleo lake la waya na akasugua ncha kwa tupa ikawa bapa kabisa, akaingiza msumari mwembamba kufungua ile plastiki ya ndani iliyojibana. Vikofia vyote vimeingia. Nati ndefu kanipa bure, sasa nahesabu mizunguko minane. L na R zimerudi kwao. Mkono sasa unashika nusu ya njia, siyo mwisho. Kushoto haigusi tena. Nimefurahi sana.

LAKINI bado inalia. Inalia zaidi asubuhi.

#36 Pembe za Ng'ombe
Nusu ya njia bado ni mbali. Mkono, nimesema.

#37 Mama Naivasha
Hongera Mzigua. Kulia kwa asubuhi ni umande na vumbi kwenye rimu. Futa rimu na kitambaa chenye spiriti, ile ya duka la dawa, pande zote mpaka kitambaa kisitoke nyeusi. Raba mpya zisugue juu juu na msasa kisha toa kwa sindano punje zozote za chuma unazoziona. Usipitishe mafuta ya kupulizia cheni karibu na rimu hata siku moja.

#38 Kibajaji
Petroli je? Fundi wetu anatumia petroli.

#39 Mama Naivasha
Inaacha utando na inaharibu raba za tairi. Spiriti.

#40 Dereva wa Kona
Mimi nasema hajaelekeza raba. Mbele ya raba iguse rimu kabla ya nyuma yake, kwa nusu milimita tu. Unalegeza bolti ya raba, unaweka kadi ya vocha kati ya rimu na mwisho wa nyuma wa raba, unabana mkono, unakaza bolti, unatoa kadi. Kelele inakufa.

#41 Injinia wa Ubungo
Hilo linawezekana kama raba zake zina zile washa zenye umbo la kikombe. Kama hana washa hizo usimshauri apinde mkono wa kalipa kwa spana kama wazee walivyokuwa wakifanya, ile ilikuwa ya kalipa za zamani zenye mikono myembamba, hizi za sasa ukizipinda zinapata ufa usiouona.

#42 Babu Foniks
Tulikuwa tunapinda na hazikuwahi kuvunjika.

#43 Fundi Ngozi
Kwangu ni uchezaji wa kalipa. Mzigua shika mwisho wa kalipa uitikise mbele nyuma. Ikicheza kidogo, kaza bolti ya egemeo la mikono kabla hujaenda kwenye vocha wala spiriti. Kalipa inayocheza hulia hata raba zikiwa mpya.

#44 Mzigua wa Segerea
Nimesafisha kwa spiriti, imepungua nusu. Nimeweka vocha, washa za kikombe ninazo, imepungua tena lakini asubuhi ya leo imelia mara mbili. Kalipa inacheza kidogo sana, sijui kama ni kawaida.

#45 Fundi Ngozi
Siyo kawaida.

#46 Injinia wa Ubungo
Kidogo sana ni kawaida. Ukiikaza mpaka isicheze kabisa springi haitairudisha.

#47 Kasi ya Kwetu
Mngoje raba zikae. Raba mpya inahitaji breki kali ishirini hivi sehemu salama, kutoka mwendo wa wastani mpaka karibu kusimama, ndo inashika umbo la rimu. Kelele nyingi zinaisha zenyewe hapo.

#48 Mteremko
Kelele haiui. Mzigua kesho ndo jumamosi. Usiku huu simama pembeni ya baiskeli, weka alama ya kalamu kwenye waya pale unapoingia kwenye bolti, halafu bana mkono wa nyuma kwa nguvu zako zote mara ishirini. Angalia alama imesogea au haijasogea. Baada ya hapo isukume kwa mguu uwanjani, bana, tazama kama kalipa imegeuka. Na ule mkono mdogo wa kufungulia breki uwe umefungwa, watu wanausahau wazi baada ya kurudisha gurudumu.

#49 Mzigua wa Segerea
Mkono mdogo umefungwa. Alama imesogea kama milimita mbili.

#50 Mteremko
Waya unateleza. Legeza, hakikisha umekaa kwenye mfereji chini ya ile sahani na siyo pembeni yake, kaza, weka alama mpya, rudia ishirini.

#51 Mzigua wa Segerea
Ulikuwa pembeni ya mfereji. Nimerudia ishirini, kisha ishirini nyingine. Haijasogea.

#52 Mama Naivasha
Safari njema. Mkirudi tuambie kama bado inalia.